Mwaka Niliokatazwa Kusema Yaani

Savitaben alifariki mwezi uliopita huko Uingereza, akiwa amevuka miaka tisini, na mwanawe mkubwa akanipigia simu kunipa habari. Tulipomaliza kupeana pole aliniuliza jambo lililokuwa limemsumbua tangu utoto wake: kwa nini mama yake, kila alipounguza chakula, alicheka peke yake kisha akataja jina langu. Nilimwambia kwamba jibu lake ni refu na simu ya kutoka ng'ambo haitalimaliza. Basi jibu ndilo hili. Naliandika nikiwa hapa Molo, blanketi magotini na madirisha yamefungwa, maana baridi ya huku haina heshima kwa wazee. Nikionekana kujisifu mahali fulani, msomaji anivumilie. Nilikuwa wakili kwa miaka mingi, na ugonjwa huo hauna dawa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mkalimani wa mahakama ya Nakuru, na sikuwa nimekutana bado na mtu niliyemdhania kuwa na akili kunizidi. Mashahidi walisema kwa Kiswahili au Kikalenjin, mimi nikageuza kwa Kiingereza, hakimu akaandika. Nilipenda sana kuona kalamu ya yule Mzungu ikikimbia kufuata maneno yangu. Kutoka hapo kizimbani ndipo niliposhikwa na tamaa ya kwenda London kusomea sheria, nirudi nikiwa nimevaa joho langu mwenyewe. Ilitangazwa nafasi moja kwa vijana wa jimbo letu. Kwanza ufanye mtihani wa kuingilia, ambao ndani yake mlikuwa na Kilatini, lugha ambayo sikuwa nimewahi kuisikia hata ikitukanwa. Ukifaulu, ulijaza fomu, nayo ilibidi itiwe sahihi na mkubwa wako wa kazi. Mkubwa wangu alikuwa hakimu.

Aliyenielekeza kwa Bwana Ratilal alikuwa karani mwenzangu. Bwana Ratilal alikuwa karani wa wakili mmoja pale mjini kwa muda mrefu, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na ilijulikana kwamba mawakili wakubwa waliposhindwa kukumbuka kifungu walimtuma mtu kwake kimyakimya. Nilimwendea nikamwomba anifundishe. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, akasema, "Jumapili saa nne. Kuja na daftari, na kuja na njaa. Mama hapana penda mtu nakataa chakula." Mama ndiye huyo Savitaben, mkewe. Wenyewe walimwita Savitaben, mimi nikamwita Mama tangu siku ya kwanza.

Walikaa nyuma ya duka la vitambaa, vyumba viwili na jiko, ua wa saruji, na kamba ya nguo iliyokatiza ua mzima. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa shule yangu. Kilikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, rafu moja ya vitabu vya sheria vilivyopasuka migongo, na mlango wa jikoni uliokuwa wazi daima. Wakati wa kiangazi upepo ulipopuliza lile vumbi jeupe la ziwani, lilipita chini ya mlango na kutua juu ya vitabu, na Bwana Ratilal alilipangusa kwa mkono wa shati huku akiendelea kusema. Nilitoka kanisani moja kwa moja nikaingia hapo. Hadi leo nikisikia harufu ya tangawizi ikichemka na majani ya chai, kichwa changu kinaanza kupanga hoja.

Kufundisha kwake hakukuwa na mfano. Hakunipa maelezo ya kunakili. Alichukua chochote kilichokuwa mezani akakigeuza kuwa kesi. Imebaki chapati moja: mimi niliahidiwa na mwenye nyumba, yeye ameishika tayari, je, ni ya nani? Nilijitetea nusu saa nzima, naye akanijibu, na Mama alisikiliza kutoka jikoni akatoa hukumu kwa kuja kuila yeye. Achari imemwagika juu ya daftari: ni uzembe wa nani, aliyeweka chupa ukingoni au aliyetikisa meza? Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kilatini nacho tulikisoma kwa sauti, yeye akiwa hana herufi ya "w" kinywani, mimi nikiwa sitofautishi "b" na "p". Nadhani Kilatini kilichotoka katika chumba kile hakijasemwa na binadamu mwingine yeyote kabla yetu wala baada yetu.

Lakini vita vyetu vikubwa vilikuwa juu ya neno moja. Kazi ya ukalimani ilikuwa imenitia tabia ya kuwasaidia mashahidi. Mtu akizungukazunguka, mimi nilifupisha. Akisema jambo la kipuuzi, nililipaka rangi kidogo. Na hata mezani kwa Bwana Ratilal, kila nilipoeleza kitu niliingiza "yaani", kisha nikaweka maneno yangu. Siku ya kwanza aliniachia. Siku ya pili, nilipoisema tu, alinyoosha mkono akakiondoa kikombe changu cha chai.

"Yaani ya nani hiyo?" akaniuliza. "Ya shahidi ao ya veve?"

"Ni kufafanua tu, Bwana Ratilal."

"Nani aliomba veve fafanua? Shahidi nasema mbuzi, veve sema mbuzi. Hapana sema yaani mnyama."

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: yaani moja, kikombe kinaondoka. Kuna Jumapili nilirudi Bondeni, nilikokodi chumba, bila kuonja chai hata tone, na Mama akiwa amesimama mlangoni akimgombeza mumewe kwa Kigujarati kwa niaba yangu. Nilikuwa nikikasirika sana. Nilimwona mzee mwenye roho ndogo anayepigania punje. Hata hivyo nilipokwenda Nairobi kufanya mtihani, karatasi niliziona nyepesi, na barua ya kufaulu ilipofika nilikimbia kutoka posta hadi nyuma ya lile duka nikiwa na kofia mkononi. Bwana Ratilal aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akasema somo linaendelea Jumapili kama kawaida, kwa sababu huko London kuna mtihani wa uwakili na yeye hataki niende kuuanzia sifuri. Mama alinipa laddu nne, zile duara tamu za Kihindi, na kunikataza kumgawia mtu yeyote.

Ikabaki fomu. Niliiweka mezani kwa hakimu, naye akasema ataishughulikia akipata nafasi. Ilitakiwa ifike Nairobi kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kila asubuhi nilipoingia ofisini mwake nilitupa jicho kwenye lile rundo la karatasi, na kila asubuhi fomu yangu ilikuwa palepale, haijaguswa.

Juma lililotangulia lile la mwisho ilikuja kesi ndogo kutoka Mau Narok. Kijana mmoja mkamuaji wa ng'ombe, Arap Too, alishtakiwa kuiba debe la mafuta ya taa kwenye stoo ya shamba la Mzungu. Debe lilikuwa linavuja. Matone yalifuatwa kutoka stoo mpaka barabarani, na mashtaka yalisema kwamba alilibeba begani alfajiri, akamuuzia mtu asiyejulikana, kisha akadandia lori la viazi kwenda Njoro. Hakuwa na wakili. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, Mama Njeri, mwuza viazi, aliyekuwa kwenye lori hilohilo. Sasa niseme ukweli kuhusu mimi. Arap Too alikuwa mtu wa kwetu, na mimi sikutaka mtu yeyote aseme kwamba mkalimani anampendelea. Kwa hiyo siku nzima sikumwangalia usoni, na maneno ya upande wake niliyapitisha haraka na kwa ubaridi. Mama Njeri alisimama akaapa, akasema kwa Kiswahili, "Huyu kijana alikaa hapa, na mimi hapa, juu ya gunia moja. Kutoka Mau Narok mpaka Njoro. Mimi sikusikia mafuta ya taa kwake. Hata kidogo."

Nikamgeuzia hakimu kwa Kiingereza kwamba shahidi alikaa na mshtakiwa njia nzima wala hakusikia kutoka kwake habari zozote za mafuta ya taa.

Inspekta wa polisi aliyekuwa akiendesha mashtaka aliinuka akasema huo ni ushahidi wa kusikia, ambao sheria haiukubali, tena huu ni wa kutosikia kabisa. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Hakimu alisema mwizi hatangazi wizi wake kwa jirani yake kwenye lori, akapiga mstari kwenye daftari lake, akaahirisha kesi hadi Alhamisi ya juma lililofuata kwa hukumu. Arap Too alirudishwa rumande.

Jumapili hiyo somo letu lilikuwa ushahidi, na Bwana Ratilal aliniuliza ushahidi wa kusikia ni nini. Nilijibu kwamba ni habari za kuambiwa, shahidi hakujionea. Akataka mfano. Nilikuwa nao, tena mbichi, nikamsimulia kesi ya debe nikijitutumua kidogo, na ule mzaha wa inspekta nikauweka mwishoni. Bwana Ratilal alicheka. Alikuwa bado anacheka Mama aliposimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni.

"Nyinyi vatu vawili kaa hapo na kitabu," akasema, "hapana sikia dengu naungua? Mimi nasikia toka kule kva kamba ya nguo."

Akapita kwenda jikoni. Tukasikia sufuria ikiburutwa, na kweli chumba kizima kilikuwa kimejaa harufu ya dengu iliyoshika chini. Nilikuwa nimeinua kikombe. Sikumbuki kukirudisha mezani. Nakumbuka tu kwamba sikuweza kumwangalia mzee, na kwamba yeye alikuwa ameacha kucheka.

"Huyo mama ya viazi," akasema polepole, "alisema namna gani? Maneno yake, Koech."

Nikayasema, neno kwa neno: sikusikia mafuta ya taa kwake. Mtu aliyebeba begani debe linalovuja lazima angenuka, na mwanamke aliyekaa naye juu ya gunia moja saa nzima alisema hakunuka. Ndio ulikuwa utetezi wote wa yule kijana, na mimi niliutupa. Mimi niliyezaliwa nikisikia harufu, nikisikia njaa, nikisikia baridi, nilikuwa nimesimama mbele ya hakimu nikasahau kwamba watu wetu hawasikii kwa masikio peke yake.

Nilianza kujitetea kabla hajaniuliza. Nilisema hakimu atakasirika, kwani mkalimani hula kiapo. Nilisema fomu yangu iko mezani kwake na zimebaki siku tano. Nilisema watadai nimepindua maneno kumwokoa mtu wa kabila langu. Nilisema debe moja la mafuta si kitu, atafungwa miezi michache na kutoka. Bwana Ratilal alisikiliza yote kwa utulivu, akivuta ule uzi wa miwani.

"Fomu iko kva meza," akasema. "Arap Too iko vapi?"

"Rumande."

"Basi. Mimi hapana ambia veve fanya nini. Veve mtu mzima."

Hapo nikasema neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha kinywani. Mahakamani kulikuwa na uvumi kwamba Bwana Ratilal alijaribu uwakili ujanani akaanguka mtihani mara tatu. Nikamwambia, "Kwako ni rahisi kusema. Wewe ulishaanguka, huna la kupoteza." Alifunga kitabu, akakirudisha kwenye rafu, akasema, "Kula." Mama alitupakulia dengu za juu ambazo hazikuungua, na yeye akala za chini. Tulikula bila kesi yoyote mezani. Nilipotoka hakuna aliyeniambia nirudi Jumapili ijayo.

Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano nilijitahidi kuwa mwoga kwa akili. Nilijiambia nitasubiri sahihi kwanza, kisha niseme. Nilijiambia labda hakimu atamwachilia hata hivyo. Jumatano jioni niliingia kuchukua mafaili nikaona fomu bado haijaguswa, nikajua kwamba kama ni kusema, nitasema nikiwa mikono mitupu. Alhamisi hakimu alipofungua daftari lake kusoma hukumu, nilisimama. Nikashika ukingo wa kizimba. Nikasema mkalimani anaomba kusahihisha kosa lake kabla ya hukumu, nikaeleza neno lenyewe. Inspekta alipinga, akasema kama nilivyotabiri, kwamba mimi na mshtakiwa tunatoka sehemu moja. Hakimu akaniambia nikae chini nisifungue mdomo, akaamuru Mama Njeri aitwe. Alikuwepo, nyuma kabisa, amekuja kusikiliza hukumu na kikapu chake. Hakimu akamhoji mwenyewe, kwa kile Kiswahili chake cha mashambani.

"Wewe mama. Hii mafuta ya taa, wewe nasikia na nini? Na sikio ama na pua?"

Mama Njeri alimwangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mgonjwa.

"Bwana mkubwa," akasema, "mafuta ya taa inasikiwa na sikio? Kama inaongeanga, mimi sijawahi kuisikia."

Mahakama ilipasuka kwa kicheko, na hakimu mwenyewe akainamia daftari lake kuficha mdomo. Akamuuliza maswali mengine mawili, akaandika, akatangaza kwamba mshtakiwa ameachiliwa. Nje, kwenye ngazi, Arap Too alinishika mkono akakataa kuuachilia. "Wewe ndiye ulinifunga," akaniambia kwa lugha yetu, "na wewe ndiye umenifungua. Sijui nikushukuru ama nikupige." Nikamwambia achague. Alifikiri kidogo, akasema atanishukuru leo, hilo lingine tutalizungumza tukikutana tena. Sijapata kukutana naye.

Hakimu aliniita ofisini saa nane mchana. Fomu yangu ilikuwa mbele yake, peke yake, lile rundo limesogezwa pembeni. Aliniuliza kama kuna mtu yeyote pale mahakamani ambaye angeligundua kosa lile. Nikasema hapana, bwana. Akaniuliza, "Je, kama ningekuwa nimekwisha kuitia sahihi fomu hii, ungekuja kuniambia mapema zaidi, au usingeniambia kabisa?" Nilitaka kutoa jibu zuri. Nilikuwa nalo tayari, limenyooka. Nikasema, "Sijui, bwana." Alishika kalamu, akaandika mahali pawili, akatia sahihi, akanisukumia ile karatasi. Akasema niipeleke posta mwenyewe kabla hajabadili nia.

Sikuipeleka posta moja kwa moja. Ilikuwa saa tisa na kitu, na nilijua Bwana Ratilal hurudi nyumbani kunywa chai saa hiyo. Nilimkuta mezani. Nilimwekea fomu mbele yake nikabaki nimesimama, kwa kuwa baada ya yale niliyosema Jumapili sikujua kama nina ruhusa ya kukaa. Aliisoma kwa kidole. Penye uwezo wa mwombaji katika kazi yake, hakimu alikuwa ameandika neno moja: wastani.

"Vastani?" Bwana Ratilal akasema, sauti ikipanda. "Mvaka mzima nafundisha veve, nafundisha Kilatini, halafu vastani? Mama, sikia hii."

Kidole kikashuka mpaka mstari wa mwisho. Hapo palikuwa na swali lililochapwa: je, wewe uliyetia sahihi unaweza kumwamini mtu huyu? Na hakimu, ambaye aliweza kujaza kurasa tatu juu ya debe la mafuta, alikuwa ameandika: ndiyo. Bwana Ratilal aliacha kunung'unika. Aliendelea kuutazama mstari ule muda mrefu kuliko neno lenyewe lilivyohitaji. Kisha akageuka upande wa jikoni akamwambia mkewe kitu kwa Kigujarati, maneno mengi. Aliinuka akatoka uani. Tukasikia bomba likifunguliwa na maji yakipiga saruji.

Nikamuuliza Mama, "Amesema nini?"

Savitaben alikuwa anafuta mikono kwa upindo wa sari.

"Yeye nasema, hiyo sahihi alitafuta miaka kumi na mbili," akasema. "Kila bvana alifanyia kazi, nambia yeye, ngoja mvaka ingine, Ratilal, sasa kazi mingi, nani taandika barua zangu? Kila mvaka ingine."

"Lakini mtihani, Mama. Walisema alianguka mtihani."

"Mtihani gani?" akasema. "Hapana anguka. Yeye hapana ingia hata siku moja."

Bwana Ratilal alirudi ndani uso ukidondoka maji, miwani mkononi. Nilitaka kumwomba msamaha. Maneno niliyaanza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na hayakutoka kwa lugha yoyote. Yeye alinikabidhi fomu, akaangalia saa ya ukutani.

"Posta nafunga saa kumi," akasema. "Simama hapa nafanya nini?"

Nikatoka mbio, mkalimani wa serikali, nikilia mbele ya watu barabara nzima.